Ushindi wa Saba Bila

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo jina lake la kweli silitaji kwa sababu nami bado napenda kulala kwangu, tuiite basi Jamhuri ya Mbeleni, timu ya taifa ya mabinti wa mpira wa magongo ilifungua msimu kwa kufungwa mabao saba kwa bila. Ilifungwa nyumbani, mchana kweupe, mbele ya watu elfu tisa na Waziri wa Michezo. Walioifunga ni Ng'ambo, majirani ambao hata uwanja hawana, mazoezi yao wanafanyia kwenye maegesho ya malori.

Fundi Mbaruku Tenga aliyaona mabao yote saba. Alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, safu ya nne ya Jukwaa la Jua, kofia ya ukindu kichwani na daftari mapajani. Kazi yake ni kushona viatu nyuma ya soko kuu, lakini ukimwuliza yeye ni nani atakwambia kwanza kwamba ni Katibu wa Tawi la Mashabiki la Jukwaa la Jua, kisha, kama bado upo, ndipo atataja viatu. Alikuwa na miaka sitini na miwili na hasira za mtu wa ishirini. Siku hiyo zilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Na alikuwa na haki, maana kwa robo tatu za kwanza za mchezo Ng'ambo hawakupata kitu. Golini alisimama Siwema Pazi, msichana mrefu, mkavu, asiyecheka na mtu, akapangua mashuti thelathini na moja. Alipangua kwa gongo, kwa mkono, kwa kifua na kwa miguu mitupu. Nasema mitupu, na msidhani nimeteleza ulimi. Kipa wa magongo huvaa vikinga miguu, yale magodoro mazito yanayofunika kuanzia juu ya goti hadi kwenye vidole, kwa sababu mpira wenyewe ni mgumu kama jiwe na ukipigwa haumwonei mtu haya. Siwema siku hiyo alitoka na soksi.

Vikinga vilikuwepo. Mbaruku alivijua kuliko mtu yeyote, kwani vilipofika kutoka nje kabla ya msimu, vifungo vya mikanda vilikuwa vimevunjika njiani, na Wizara ikavipeleka kwake. Alivibadilisha vyote sita na kuvishona upya, akitumia uzi mwekundu kwa kuwa mweusi ulikuwa umemwishia. Siwema alikuja kibandani kuvijaribu. Akasimama, akachuchumaa, akarusha teke moja hewani likakosa chupuchupu rafu ya viatu vya wateja, akasema, "Sasa na waje." Kesho yake gari la Wizara likaja kuvichukua, na tangu hapo havikuonekana tena.

Kabla ya mpira kuanza, vipaza sauti vya uwanja vilitoa maelezo. Aliyetoa ni Sudi Kinanda, mtangazaji wa Redio ya Taifa, ambaye sauti yake ndiyo inayotangaza mvua Mbeleni, na isipotangaza watu hutembea na nguo zimelowa wakisema hakuna mvua. "Wananchi," alisema Sudi, "vikinga vya kipa wetu viko katika majukumu mengine ya kitaifa." Jukwaa la wakubwa likapiga makofi. Mwamuzi akalitazama jukwaa hilo, akaitazama saa yake, akapuliza kipenga.

Robo ya nne ilipoanza, shuti moja likampata Siwema kwenye muundi. Mlio ulisikika hadi safu ya nne. Mbaruku, aliyeishi akipigilia misumari kwenye soli, alijua mara moja kwamba kile kilikuwa mfupa. Siwema akaanguka, na macho yote yakageukia benchi kumtafuta kipa wa akiba. Benchi lilikuwa na viti kumi na kimoja. Vilikaliwa na Mlezi wa Timu, Mlezi Msaidizi, Mshauri wa Mlezi, mpiga picha wa Mshauri, shemeji wa mpiga picha, na wengine wa heshima hiyo hiyo. Kipa wa akiba, msichana anayeitwa Rehani, alikuwa ameambiwa abaki nyumbani kwa upungufu wa viti.

Basi Siwema akainuka mwenyewe. Alishika mwamba wa goli kwa mkono mmoja, akasimama kwa mguu mmoja, na ndani ya dakika kumi na mbili akafungwa saba.

"Mpira unaingia golini kwetu kwa nidhamu ya hali ya juu," alitangaza Sudi Kinanda bao la kwanza. La saba likaingia akasema, "Wageni wetu wanaendelea kukirimiwa."

*

Mgeni atauliza, sasa saba bila si ni saba bila? Kwao, ndiyo. Mbeleni mambo yalisharekebishwa miaka ishirini nyuma, pale Waziri mmoja alipohutubia Bunge kwa saa tatu na kueleza kwamba mabao ni takwimu ghafi tu, na kwamba matokeo ni mali ya wananchi. Tangu siku hiyo, mchezo ukiisha, kila tawi la mashabiki hujaza Fomu ya Tathmini, na matawi yako arobaini. Fomu ina visanduku vinne: Tumeshinda. Tumeshinda kwa kiasi. Ushindi umeahirishwa. Tumeshindwa. Anayetia alama kwenye kile cha nne huambatisha maelezo, nakala nne, na picha mbili za pasipoti.

Matawi thelathini na tisa yalikuwa hayana habari na kisanduku cha nne. La arobaini lilikuwa la Mbaruku. Kwa misimu kumi na tisa, kila timu ilipofungwa, yeye aliandika Tumeshindwa kwa mwandiko mzuri wa kulala kushoto, akaambatisha nakala zake nne na picha zake mbili. Wizarani sura yake waliijua kuliko ya Waziri. Kwa ajili hiyo tawi lake liling'olewa paa la jukwaa mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu likakatiwa bomba la maji, mwaka wa sita wakaja watu na spana wakaondoa migongo ya viti. Zamani liliitwa Jukwaa la Kaskazini. Jina la Jua lilikuja lenyewe.

"Wachukue na viti," Mbaruku alipenda kusema. "Nitaandika nimesimama."

Jioni ile ya saba bila alirudi nyumbani na fomu mpya mfukoni, akiwa tayari ameitunga yote kichwani, kuanzia benchi la wakubwa hadi soksi za Siwema. Alipanga safari hii iwe nakala nane.

*

Jumatatu asubuhi alikwenda Hospitali Kuu ya Mashujaa kumwona mgonjwa. Alifuatana na mwenyekiti wa tawi, Bi Havintishi, muuza maandazi, mwanamke mnene mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza. Walimkuta Siwema kwenye benchi la korido. Mguu ulikuwa umevimba, umegangwa kwa vipande viwili vya gongo lililovunjika, na umefungwa kwa jezi ya mchezaji mwenzake, namba tisa.

Muuguzi alikuwa binti mpole, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Mbaruku. "Huyu mbona hajaingizwa wodini? Yuko hapa tangu juzi."

"Mgonjwa wenu bado hajashinda, mzee."

Mbaruku alidhani hakusikia vizuri. Muuguzi akamwonyesha waraka uliobandikwa ukutani, wenye mhuri na picha ya Waziri akitabasamu. Ulisema kwamba mchezaji aliyeumia katika ushindi ni shujaa na atatibiwa. Aliyeumia katika kushindwa ni mzembe na atajitafakari. Ushindi utathibitishwa na fomu za matawi yote arobaini, kwa kauli moja.

"Thelathini na tisa zimeshafika, zote tumeshinda," alisema muuguzi, na sauti ikapungua. "Limebaki tawi moja tu."

Bi Havintishi alimtazama Mbaruku. Mbaruku aliutazama waraka kama vile herufi zingebadilika akizikodolea sana.

"Likichelewa?" aliuliza.

"Daktari anasema mwisho Alhamisi. Baada ya hapo nyama itakuwa imeoza, itabidi mguu ukatwe." Muuguzi akainamisha uso. "Kukata hakuhitaji waraka, mzee."

Damu ilimchemka Mbaruku. Alitaka kuubandua ule waraka na kumlisha mtu, ila wa kulishwa hakuwepo, alikuwa pichani akitabasamu. Akakaa kwenye benchi karibu na Siwema.

"Shikamoo, Fundi," alisema Siwema. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa?"

"Naumwa sana. Lakini nimewasikia. Usije ukaandika tumeshinda."

"Siwema, mguu huu."

"Nilisimama pale kwa mguu mmoja nikafungwa saba, Fundi. Niliyahesabu. Ukiandika tumeshinda, mimi pale nilikuwa nafanya nini?"

Bi Havintishi alikuwa na maandazi, akayatoa kwenye kikapu akayaweka mapajani mwa mgonjwa, na wote watatu wakasikiliza redio ya korido ikimhoji kocha kuhusu siri ya mafanikio.

*

Kikao cha tathmini kilifanyika Jumanne alasiri, uani kwa Bi Havintishi, kwenye viti walivyokalia wateja wake asubuhi. Walikuja wanachama thelathini na wawili. Alikuja pia Bwana Lukindo, Afisa Tathmini wa Wilaya, kijana wa suti ya kijivu aliyebeba mhuri kwenye mkoba na kuhudhuria kila kikao ili, kama alivyosema, kulinda uhuru wa maoni.

Maoni yalikuwa huru kweli. Mzee Chuma, mpiga ngoma wa tawi, alisema kocha yule hafai hata kufundisha kuku kulala bandani. Dada mmoja wa duka la vitenge akasema kiungo wa kati alikuwa anatembea uwanjani kama aliyetumwa sokoni akasahau alichotumwa. Mwingine akasema mabeki wana miguu lakini hawajaambiwa kazi yake. Kila mtu alikuwa na lake, na kila mmoja alilisema kwa kelele, na Mbaruku aliyaandika yote. Kwa muda wa nusu saa alisahau hospitali. Hicho ndicho alichokipenda duniani kuliko vyote, watu wanaoipenda timu yao wakiichambua mpaka mifupa, bila kumwomba mtu ruhusa.

Kisha Bi Havintishi akagonga sufuria kwa mwiko, akawaeleza habari ya waraka na ya Alhamisi.

Bwana Lukindo akatazama kucha zake.

"Tuandike tumeshinda basi," alisema Mzee Chuma baadaye. "Karatasi tu hiyo."

"Karatasi tu?" Mbaruku alisimama, na daftari likaanguka. "Miaka kumi na tisa tumekaa juani kwa karatasi tu? Tumekunywa maji ya kubeba kwa karatasi tu? Wakiipata hii wamepata kila kitu. Hakuna tena mtu hata mmoja nchi hii atakayekuwa ameandika kwamba yule mtoto aliachwa asimame kwa mguu mmoja. Na mwenyewe amenikataza. Kwa mdomo wake."

"Nilikuwepo, nilimsikia," alisema Bi Havintishi. "Ana miaka ishirini na mbili na amevunjika mguu, ana haki ya kusema anachotaka. Wewe ni mtu mzima. Ukweli tutausema hata wiki ijayo, Fundi. Mguu wiki ijayo haupo."

Mbaruku alikuwa na hasira na Waziri, na Lukindo na suti yake, na Bi Havintishi kwa kuwa alikuwa amesema sawa. Mwishowe akaketi, akaichukua fomu, akatia alama kwenye kisanduku cha kwanza. Kalamu ilitoboa karatasi.

Bwana Lukindo aliipokea kwa mikono miwili. Machozi yalimlengalenga, wala si ya huzuni. Ilikuwa kauli moja ya kwanza tangu fomu ianzishwe, na imetokea katika wilaya yake. Akagonga mhuri mara tatu pale pale kwenye meza ya maandazi.

"Picha mbili je?" aliuliza Mbaruku kwa ukali.

"Mshindi haambatishi picha, mzee wangu," alisema Lukindo. "Mshindi anajulikana."

*

Siwema alipasuliwa jioni ile ile. Mfupa uliungwa, mguu ukafungwa plasta, naye akapewa kitanda chenye shuka mbili na kibao kilichoandikwa SHUJAA. Daktari alisema atatembea. Mbaruku alipoambiwa hivyo alikaa kwenye ngazi za hospitali akalia kidogo, kisha akajifuta na kofia.

Angeweza kuishia hapo na roho yake ikatulia. Lakini Mbeleni ushindi hauachwi ukalala bure. Jumatano ilitangazwa kuwa Siku ya Saba Bila. Shule zilifungwa, wanafunzi wakaandamana kushangilia. Wizara ikaunda Kamati ya Wataalamu kuchunguza chanzo cha ushindi huo ili uweze kurudiwa, na Kamati, baada ya chakula cha mchana, ikatoa ripoti. Iliisoma sauti ya Sudi Kinanda Alhamisi saa nne asubuhi, na Mbaruku aliisikia akiwa wodini, karibu na kitanda cha Siwema.

"Wataalamu wamelinganisha mchezo huu na michezo yote iliyotangulia," ilisema redio, "na wamebaini tofauti moja tu. Katika ushindi wa Saba Bila, kipa wetu hakuwa na vikinga. Kwa hiyo, kuanzia mchezo wa Jumamosi, Wizara haitampa kipa yeyote vikinga vya aina yoyote. Vilevile, Katibu wa Tawi la Jukwaa la Jua atatunukiwa Nishani ya Shabiki Mkweli."

Muuguzi akaizima redio, lakini ilikuwa imeshasema.

"Nani alisaini ile fomu?" aliuliza Siwema.

"Mimi."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisisaini."

"Jumamosi nani anasimama golini?"

"Rehani," alisema Mbaruku.

"Rehani ana miaka kumi na minane. Kitanda hiki changu kimelipwa kwa mguu wake." Siwema akageuza uso ukutani. "Nenda zako, Fundi. Sitaki kukuona kwa sasa."

Mbaruku alikwenda zake. Alitembea mpaka kibandani kwake, akafunga mlango, akapigilia misumari kwenye kiatu kisichohitaji msumari hata mmoja. Alijiona mpumbavu. Alikuwa amewapa kila kitu walichotaka, kwa mwandiko wake mzuri, na wao wakakichukua na kumtengenezea mtoto wa watu mguu wa kuvunjwa.

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Timu ngeni ilikuwa ya kutoka bondeni, wasichana wenye mikono mirefu na mashuti mazito. Rehani alisimama kando ya goli na soksi zake, akitazama miguu yake mwenyewe. Katikati ya uwanja palitandikwa zulia jekundu kwa ajili ya nishani.

Waziri wa Michezo, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Pandu Majisifu, alishuka kwenye gari akiwa na majina yake yote. Alikuwa mtu mfupi sana, na kwa sababu hiyo itifaki ya Wizara ilitaka kila anayetunukiwa nishani apige magoti. Alivaa suti nyeusi na tai. Na juu ya suruali ya suti, kuanzia juu ya goti hadi kwenye vidole, alivaa vikinga miguu vipya, vyeupe, vinavyong'aa. Sudi Kinanda alieleza kwamba Mheshimiwa huvivaa katika shughuli zote za kitaifa, harusi zikiwemo, kuwaonyesha wananchi kwamba yeye ni mwanamichezo.

Mbaruku aliitwa. Alitembea juu ya zulia bila kuelewa miguu inampeleka wapi. Alipofika akapiga magoti kama alivyoelekezwa, akainamisha kichwa, na macho yake yakatua kwenye magoti ya Waziri. Hapo ndipo alipouona uzi mwekundu.

Aliutambua mshono wake, kifungo kwa kifungo. Yale majukumu mengine ya kitaifa yalikuwa haya. Siwema alivunjwa mguu ili mtu huyu apendeze harusini.

Waziri aliinama kubandika nishani kifuani. Mbaruku akainua mikono yake miwili na kuanza kufungua vifungo. Havikumpa shida, alivitia mwenyewe. Kimoja, cha pili, cha tatu, kikinga cha kushoto kikalegea.

"Wewe, unafanya nini?" Waziri alisema kwa meno yaliyobanana, akiwa bado anatabasamu kwa ajili ya kamera.

"Nakushukuru, Mheshimiwa," alisema Mbaruku, na mkono ukahamia mguu wa kulia.

Walinzi walitazamana. Itifaki haikuwa na neno lolote juu ya shabiki anayeshukuru kwa namna hii. Uwanja mzima ulikuwa umenyamaza, na kimya hicho, kwa mtangazaji wa Redio ya Taifa, ni kosa la kazi. Sudi Kinanda alikuwa na pumzi moja tu ya kufikiri, na katika miaka yake yote alikuwa hajawahi kutangaza kwamba kiongozi amevuliwa kitu.

"Wananchi," ilitetemeka sauti kwenye vipaza vyote, "Mheshimiwa Waziri, kwa huruma yake isiyo na kifani, anavua vikinga vyake mwenyewe ili kumvisha kipa wetu."

Watu elfu tisa waliinuka. Vigelegele vilitoka Jukwaa la Jua, vikadakwa na majukwaa mengine yote. Waziri alifungua mdomo kukanusha, akasikia anavyoshangiliwa, akaufunga. Likishasemwa redioni, Mbeleni jambo limeshafanyika, na yeye ndiye alikuwa amelifanya. Akapunga mkono. Wizara ilikuwa imezuiwa kutoa vikinga, lakini ripoti haikusema kitu kuhusu huruma ya mtu binafsi.

Mbaruku akainuka, kikinga kimoja kila kwapa, akatembea hadi golini.

"Nipe mguu," alimwambia Rehani.

Akamfunga vifungo vyote sita, akavikaza, akavigonga kwa ngumi kuona kama vimekaa. Kisha akarudi safu ya nne, akavua nishani akaitia mfukoni pamoja na misumari.

Timu ilifungwa mbili bila. Rehani alipigwa mashuti ishirini na sita, na mpira ulipoisha alitoka uwanjani anatembea.

Bwana Lukindo alipanda Jukwaa la Jua na fomu, uso umempauka, akiomba kwa macho. Mbaruku aliipokea akaizungusha mpaka ikatazama vizuri, akatia alama kwenye kisanduku cha nne. Chini yake akaandika, kwa mwandiko wa kulala kushoto: Tumeshindwa. Mbili bila. Na ile ya wiki iliyopita tulishindwa pia, saba bila, kwa kuwa kipa wetu alivunjwa mguu na watu wanaojulikana.

*

Walimkamata Jumapili. Kosa la vikinga halikuwezekana, maana nchi nzima ilisikia Waziri amevivua mwenyewe. Kosa la kuandika Tumeshindwa halikuwezekana pia, kisanduku kilikuwepo na mhuri wa Wizara juu yake. Basi akashtakiwa kwa kushindwa bila kuambatisha picha mbili, akafungwa siku saba.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kibandani. Siwema alikuwa ameketi mlangoni, mikongojo imeegemea ukuta, plasta imenyooshwa mbele njiani watu wanairuka. Bi Havintishi alikuwa kando yake na kikapu.

"Shikamoo, Fundi," alisema Siwema.

"Marahaba." Mbaruku hakujua akae au asimame. "Umepona hasira?"

"Sijapona. Ulisaini." Alimtazama sana, kisha akasogeza plasta ili apite. "Wizara wametuma watu kwa Rehani kudai vikinga. Amegoma. Analala navyo miguuni, mama yake anasema hata kuoga ni ugomvi."

"Viko imara?"

"Kifungo kimoja kimelegea. Atakuletea."

Mbaruku akaingia, akaketi kwenye kigoda chake, akatafuta uzi. Mweusi ulikuwepo, lakini akachukua mwekundu.

"Redioni wamesema ile mbili bila nayo tumeshinda," alisema Bi Havintishi. "Kwa kiasi."

"Tumefungwa," alisema Mbaruku.

"Tumefungwa," alisema Siwema. "Nilisikiliza yote kitandani. Lile la pili halikuwa bao la kufungwa. Beki wa kushoto alikuwa wapi?"

"Beki wa kushoto?" Mbaruku aliweka uzi chini. "Yule nimemwona kwa macho yangu, amesimama anafunga nywele. Mpira unapita, yeye anafunga nywele."

"Na kocha amekaa anamtazama tu," alisema Siwema.

"Kocha gani? Yule ni kocha?" Bi Havintishi alishavuta kigoda. "Subirini niwagawie maandazi, halafu mniambie huyo kocha nani kamleta."

Wakaanza kuitukana timu yao, mchezaji mmoja baada ya mwingine, kwa sauti, mlango ukiwa wazi, na hakuna aliyeitafuta fomu.